Damu ya Pili

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo wakati wa kuanua nguo. Mama aliokoa shuka, mimi niliokoa sare yangu ya shule, na soksi za Baba zikabaki kambani zikifuliwa upya bila sabuni.

Mwalimu wetu wa lugha ametutaka tuandike shajara msimu wote wa mvua. Amesema siku isiyo na jambo ipewe mstari mmoja, siku yenye jambo ipewe nafasi yake, na chumvi tuiache jikoni. Basi naanza na watu wa nyumbani. Baba ni mchinjaji katika machinjio ya kule bondeni, kando ya mfereji mkubwa. Mama ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo karakana yake. Shangazi, dada mdogo wa Baba, anaishi nasi tangu mwaka jana. Kazi yake ni kupima damu katika maabara ya hospitali.

Kusema kweli, Shangazi bado simwelewi. Ukimwuliza jambo anakaa kimya kwanza, kama mtu anayengoja maji yachemke, ndipo anajibu. Na mara nyingi jibu lenyewe ni "Sijui bado." Baba humtania kwamba serikali imepoteza bure ada ya kumsomesha.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Jaribio la hesabu, namba hasi na namba chanya. Nimepata zote.

Ijumaa, 8 Machi

Mfereji umefurika mpaka ndani ya machinjio. Baba amerudi jioni, akavua buti za mpira mlangoni na kumimina maji kutoka buti la kushoto, ambalo lina mpasuko kisiginoni.

"Leo ng'ombe walikuwa wanatutazama," alisema, "kama wanaotaka kutuuliza tumekwenda kuchinja au kuvua."

Tulicheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa akiangalia kidole cha Baba, palipokwaruzwa na kisu.

"Kaka, hicho kidonda umekitia kwenye maji yale?"

"Sikukitia. Maji yalijitia yenyewe."

"Panya wanakojoa humo. Na ng'ombe wenyewe."

"Dada yangu, nimefanya kazi humo kabla wewe hujajua kusoma. Mkojo wa ng'ombe na mimi tunaamkiana."

Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba akajibu kwamba mkuu ni yeye, kwani huyo msomi alimbeba mgongoni akiwa hajaota meno. Shangazi alikwenda kuchemsha maji, akarudi na sabuni, akamwoshea kile kidole. Mimi niliona anazidisha.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Paa la darasa linavuja juu ya kiti cha kiranja, naye amefungua mwavuli ndani.

Jumatatu, 18 Machi

Baba hakwenda kazini. Sikumbuki siku nyingine ya namna hiyo. Anatetemeka, kichwa kinamgonga, na anasema miguu si yake. Zahanati wamempima malaria, hawakuona kitu, wakampa vidonge vya maumivu. Rafiki yake wa kazini, ambaye wote wanamwita Kwato, alipita kumjulia hali. Alisema ni homa ya mvua tu, itaisha mvua ikiisha.

Jumatano, 20 Machi

Leo Shangazi hakwenda kazini mapema. Alifungua dirisha ili mwanga uingie, akamtazama Baba macho. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu, lakini makavu. Kisha alimbonyeza shavu la mguu kwa kidole kimoja tu, na Baba, ambaye huangusha fahali, akalia mpaka mashine ya Mama ikasimama.

"Tunakwenda hospitali," Shangazi alisema.

Nilikwenda nao, kwa kuwa Mama alikuwa na mteja. Daktari ni kijana mpole anayesikiliza huku ameinamisha kichwa. Aliuliza kazi ya Baba, akauliza kuhusu maji, kisha akasema anashuku leptospira, vijidudu vinavyotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama na kuingia mwilini kupitia kidonda.

"Lepe nini?" Baba aliuliza. "Mimi lepe ninalolijua ni la usingizi, nalo sijalipata tangu juzi."

Daktari alicheka, lakini alimwandikia dawa papo hapo, akasema hatungoji majibu kwa sababu ugonjwa wenyewe haungoji. Muuguzi akachukua damu.

Nyumbani nilimwuliza Shangazi damu ile inakwenda kufanywa nini. Nilidhani atasema nitaelewa nikikua. Aliketi kitandani kwangu akaeleza yote.

"Mwili ukivamiwa unatengeneza askari. Tunawaita kingamwili. Mimi simtafuti mvamizi, natafuta askari. Nachukua yale maji ya damu, nayachanganya na vijidudu hai tunavyovifuga maabara. Askari wakiwepo, watavishika na kuvifunga mafungu mafungu. Wasipokuwepo, vijidudu vinaendelea kuogelea kana kwamba hakuna aliyeingia."

"Mnavifuga?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Kama kuku, wifi. Tunavilisha."

Sauti ya Baba ikatoka chumbani, dhaifu lakini ya utani. "Mke wangu nimemkatalia kuku, kumbe dada yangu anafuga magonjwa."

Alhamisi, 21 Machi

Shangazi amesafiri na wenzake kwenda kuchukua damu za wagonjwa katika vijiji vilivyofurika. Huko simu haishiki. Baba anameza dawa. Homa imeshuka kidogo.

Ijumaa, 22 Machi

Majibu yametoka. Nilikuwa na Baba dirishani pa kliniki. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu nyuma yetu, akasema haraka, "Majibu yako ni hasi, mzee. Endelea na dawa, na baada ya wiki mbili hivi urudi utoe damu nyingine." Baba alishukuru na kugeuka. Nadhani alisikia lile neno moja tu, yaliyofuata yakamezwa na mvua kwenye bati.

Kwato alikuwa anamngoja nyumbani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hasi."

Kwato aliweka kikombe chini. "Wamekuhasi? Shemeji ana habari?"

Nilijifanya nasoma. Mama alimwambia Kwato kuna mtoto humu ndani, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Baba alicheka pia, kisha akawa mtu wa kueleza, kama anavyoeleza mambo ya kazi yake. "Fahali akiwa mkali, anahasiwa. Akishahasiwa, amekwisha. Anakuwa maksai, unamwongoza kwa kamba ya katani, hampigi mtu pembe tena. Ndivyo walivyosema. Homa imehasiwa. Dawa zimefanya kazi yake upesi."

Hata mimi, niliyefundishwa kwamba hasi ni chini ya sifuri, niliona maelezo yake ni mazuri. Chini ya sifuri ni pungufu kuliko hakuna. Mama alichukua dawa zilizobaki akaziweka juu ya kabati, zisipotee bure, atakayeumwa siku nyingine azitumie.

Jumamosi, 23 Machi

Baba amekwenda kazini. Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Baba amerudi mapema, akasema amechoka tu.

Jumatano, 27 Machi

Leo nitaandika mengi.

Nilipotoka shule nilimkuta Baba ameketi nje, kwenye ngazi, uso ameuelekeza juani. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Nilimwamkia, akafumbua macho, na yale meupe ya macho yake hayakuwa meupe. Yalikuwa ya manjano, kama karatasi ya kitabu cha zamani. Nilimwita Mama. Mama alimwuliza amekojoa lini, naye akajibu kwamba asubuhi alipata mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi, na tangu hapo hakuna.

Wakati huohuo Shangazi aliingia na mkoba wake wa safari, matope mpaka magotini. Alimwona. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Dawa amemaliza?"

Mama akasema, "Wifi, si mlisema hasi?"

"Nani alisema aache?"

"Hasi," Mama alirudia, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Ugonjwa umehasiwa. Si ndiyo maana yake?"

Shangazi alinyamaza kwa namna yake ile, na mara hii nilikuwa nataka kumtikisa. Kisha alimshika Mama mkono. "Si kosa lako, wifi. Neno ni letu, tulilitoa dirishani bila kulivalisha nguo." Akaniambia niite gari.

Njiani Baba alilala mapajani pa Mama. Nilikaa mbele na Shangazi. Nikamwuliza, kwa hasira ambayo sikujua inamhusu nani, kwa nini kipimo kilikosea.

"Hakikukosea. Siku ile askari walikuwa hawajatoka. Mwili huchukua muda kuwaandaa, wiki nzima, pengine zaidi. Nikiangalia mapema, naona uwanja mtupu. Uwanja mtupu si ushahidi kwamba hakuna vita." Alifuta kioo kwa kiganja. "Ndiyo maana tunaomba damu ya pili. Ya kwanza peke yake inasema jambo moja tu, kwamba hatujui bado."

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Mwaka mzima nilidhani "sijui bado" ni njia ya watu waliosoma ya kukwepa swali. Leo nimemsikia mtu akiyasema huku kaka yake amelala nyuma yake na macho ya manjano, naye angeweza kabisa kutudanganya ili tutulie.

Amelazwa. Wanamchoma sindano za dawa kali kuliko ile ya mwanzo. Mama amebaki naye.

Alhamisi, 28 Machi

Daktari ametueleza bila kutuficha. Ini linaweza kupona lenyewe. Hofu yake ni figo. Kama mkojo hautatoka kufikia kesho, Baba atapelekwa mji mwingine, kwenye mashine ya kusafisha damu, na safari yenyewe anaiogopa kwa sababu barabara imekatika mahali.

Kando ya kitanda kuna chupa ya plastiki yenye mistari. Wote tunaitazama. Sikujua kwamba siku moja nitamwomba Mungu mkojo, lakini nimeomba, na nimeutaja kwa jina.

Shangazi alikuja katika mapumziko yake ya mchana, akiwa na koti lake jeupe. Alimvalisha Baba soksi. Baba alimwambia, "Dada, nilimwahidi mama yetu kwamba nitakutunza." Shangazi akajibu, "Basi usiniongezee kazi." Halafu aliondoka haraka, na nilimwona kwenye korido amesimama mbele ya tangazo la chanjo ya watoto, akilisoma kwa muda mrefu sana.

Ijumaa, 29 Machi

Mkojo umetoka. Mwanzo kidogo, baadaye zaidi. Mama alibeba ile chupa kumpelekea muuguzi kama anabeba kombe la mashindano. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipiga makofi.

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Baba amekula, akalalamika kwamba uji hauna sukari. Mama amelia kwa furaha.

Jumatano, 3 Aprili

Baba yuko nyumbani. Amekonda mpaka kola ya shati inamzunguka shingoni. Bado anameza dawa, na Mama humhesabia mbele ya macho yake.

Meneja wa machinjio amekuja kumtazama, akaleta matunda. Mama alimwuliza kwa heshima kama mfereji utazibuliwa na kama vijana watapewa buti mpya, maana ugonjwa umetoka kule. Meneja akatabasamu.

"Mama, tusiseme mambo bila uhakika. Hospitali yenyewe ilipima ikasema hasi. Homa ziko nyingi. Siwezi kufunga machinjio kwa sababu ya homa isiyo na jina."

Baada ya kuondoka kwake, matunda yalikaa mezani na hakuna aliyeyagusa.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo ndiyo siku ya damu ya pili, na Baba alikataa.

"Nimepona. Damu ya nini tena? Hiyo niliyobaki nayo ni kidogo, naihitaji mwenyewe."

"Si kwa ajili yako, Kaka," Shangazi alisema. "Wewe umeshatibiwa."

"Kwa ajili ya nani? Ya vijidudu vyako? Vimekosa chakula?"

Nilidhani atamwelimisha tena habari za askari. Badala yake alimwuliza, "Kule kazini mko wangapi wenye vidonda mikononi?"

Baba alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Bila damu ya pili, cheti chako kitasema homa isiyojulikana. Meneja atasema hasi, na atakuwa na haki ya kusema. Mimi siwezi kusimama mbele yake na kumwambia ninavyodhani. Nataka nimwambie ninavyojua."

Baba alitazama mikono yake mwenyewe kwa muda. "Na ikitoka hasi tena?"

"Nitakuwa nimekosea, na nitasema nimekosea."

Akavaa viatu. Njiani alitembea polepole na kuniegemea begani. Akasema, "Huyu tangu utoto ni hivyo hivyo. Ukimpa ndizi tatu anazihesabu mara mbili."

Jumamosi, 6 Aprili

Shangazi amenipeleka maabara. Sikuruhusiwa kuingia chumba chenyewe, ila kuna dirisha la kioo, na ndani kuna skrini inayoonyesha kile darubini inachokiona. Niliona leptospira. Uwanja ni mweusi kabisa, na vyenyewe ni nyuzi za fedha, nyembamba kuliko kope, zimejikunja ncha kama fimbo ya mzee. Zinatetemeka, zinajizungusha. Vinapendeza kuvitazama, na nilijilaumu kwa kupendezwa navyo.

Walikuwa wamehifadhi damu ya kwanza kwenye barafu. Shangazi aliziweka damu zote mbili kwenye kisahani kimoja chenye safu za vishimo, ili zipimwe siku moja, kwa mkono mmoja, na vijidudu vya chupa moja. Katika kila kishimo alizimua damu ya kishimo kilichotangulia kwa nusu, kisha nusu tena, mpaka damu ikawa kama tone kwenye ndoo. Kila tone lilitua mahali pake. Nimemwona Mama akitia uzi kwenye sindano, nimemwona Baba akinoa kisu. Hii ni kazi ya ukoo huohuo.

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alibandika namba tupu pasipo majina, akakiacha kile kisahani kwa mwenzake mwenye miwani, akatoka nje, akaketi benchi moja na mimi.

"Husomi wewe?" nilimwuliza.

"Sisomi."

"Lakini wewe ndiye unayejua zaidi."

"Mimi ni dada yake. Ukilitaka jibu sana, jicho linaanza kukusaidia." Alikunja mikono. "Yule hajui ni damu ya nani. Aone kilichopo."

Tukangoja. Aliniuliza habari za shule, lakini sidhani alisikia majibu yangu. Nilipogeuka kwenye skrini niliona nyuzi zikiogelea huru. Baadaye picha ilibadilika, na nyuzi hazikuwa peke yake tena. Zilikuwa zimeshikamana mafungu mafungu, kama nywele zinazobaki kwenye kitana. Nilijua ninachokiona, lakini sikujua ni damu ipi, na nilijifunza palepale jinsi kutojua kunavyouma.

Mwenzake alitoka. "Namba ya kwanza, hakuna kitu, hata kishimo cha mwanzo. Namba ya pili imefunga mafungu hata ikizimuliwa mpaka moja kwa mia nane."

Mimi nilisimama. Shangazi hakusimama. "Na damu zetu za kulinganishia?"

"Ziko sawa. Zote."

"Angalia tena."

Aliingia tena, akaangalia, akarudi, akaitikia kwa kichwa. Hapo Shangazi aliniegemea, uzito wake wote, mtu ambaye hajawahi hata kunikumbatia vizuri, na akasema, "Basi. Sasa najua."

Jumatatu, 8 Aprili

Daktari na Shangazi wamekwenda kwa meneja. Mama alitaka kujua kama meneja alibisha. Shangazi amesema alisoma majibu mara mbili, akauliza maana ya moja kwa mia nane, akaelezwa, kisha akaomba namba ya simu ya watu wanaozibua mifereji. Machinjio yamefungwa mpaka maji yatoke. Buti zimeagizwa. Wafanyakazi wote wenye homa watapimwa, na dawa watapewa kwanza, majibu yafuate.

Mmoja wao ni Kwato. Homa imemshika tangu jana, na miguu inamuuma.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua nyembamba. Baada ya shule nilipita kliniki na kukuta wachinjaji wamejaa kwenye benchi, wanaume wakubwa walionyamaza kama watoto siku ya chanjo. Shangazi alikuwa mezani, anachukua damu yeye mwenyewe. Kila mmoja alimweleza polepole kwamba hii ni damu ya kwanza, kwamba ataitwa tena, na kwamba dawa asiache, hata majibu yakisemaje. Alimfanya kila mmoja arudie kwa maneno yake, na hakumwachia mtu kiti mpaka aseme sawasawa.

Baba alikuwa amesimama kando ya meza. Hakuna aliyemwita. Alisema amekuja kunyoosha miguu.

Zamu ya Kwato ilipofika, aliketi, akaiona sindano, akavuta mkono. Jasho lilikuwa likimtoka. Alijaribu kufanya utani. "Mimi," akamwambia Shangazi, "nachoma, sichomwi."

Wenzake walicheka kidogo. Shangazi hakumharakisha. Aliweka sindano chini, akangoja.

Ndipo Baba akasogea. Alimshika Kwato kichwa kwa mikono yake miwili iliyokonda, akakigeuza taratibu upande wa ukuta, kama wanavyomfanyia ng'ombe mwenye woga.

"Tulia," akamwambia. "Huyu ni dada yangu."